Kopo la Kimbo

Kwenye rafu ya juu ya banda langu hapa Moshi lipo kopo la Kimbo, lile la kilo mbili, limekwanguka rangi mpaka herufi mbili za mwisho hazionekani. Lilivuka mpaka wa Holili kwa njia za panya, kichwani mwa mama mmoja wa Rombo, miaka ile mpaka wetu na Kenya ulipokuwa umefungwa. Ulifungwa 1977, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983, na katikati hapo mafuta ya kupikia yaliyotoka Taveta yalikuwa na heshima ya dawa ya hospitali. Mafuta yale yaliisha kwa wiki mbili. Kopo halijaisha hadi leo.

Zamani lilijaa mabizimu ya Babu. Sasa hivi mmejaa nusu za klipu za plastiki, na habari ya jinsi kimoja kilivyotoka na kingine kikaingia naijua mimi peke yangu, kwa sababu ni mimi niliyefanya.

Bizimu ni neno la Babu. Wateja wangu wengi husema "kile chuma cha mkanda", na tunaelewana. Ni kile kidude chenye fremu na ulimi kinachofunga mkanda wa suruali, wa sandali, wa shingo ya mbwa, wa kengele ya ng'ombe, wa shanta. Watu hawakitazami. Mteja atachagua ngozi nusu saa, ataipinda, ataikuna kwa kucha, ataipeleka puani, halafu ukimwuliza afungiwe kwa bizimu gani atasema, "Lolote tu, fundi, mradi lisiwe ghali."

Babu, mzaa mama, alikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza. Alikwenda vitani Bama, yaani Burma, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akafika bonde la Kabaw mwaka 1944, na hadithi alizorudi nazo hazikuwa za bunduki. Zilikuwa za matope na mikanda. Zana za jeshi la Uingereza wakati ule, zile za mtindo wa 1937, zilikuwa za turubai nene lililofumwa, zenye mabizimu na ncha za shaba ya manjano, ile ambayo watu wa skrepa wanaiita brasi. Kwenye gwaride unayasugua kwa Brasso mpaka unajiona meno. Msituni unayaacha yapauke, maana kinachong'aa kinakuonyesha kwa adui. Babu hakuwa na shabaha, alikiri mwenyewe. Alikuwa na mkono wa sindano, kwa hiyo siku nyingi zilimkuta chini ya hema akishona mikanda ya wenzake.

Vita vilipokwisha na mali kuukuu za jeshi zikaanza kuuzwa, alinunua gunia zima la mikanda iliyooza. Nyumbani walimcheka. Turubai lilikuwa limekwisha kazi, ingawa kwenye vipande vichache mhuri wa wino ulisomeka bado: mshale mdogo, na mwaka, 1941, 1942. Hakuwa na haja na turubai. Alilikata lote akalitupa, akabaki na brasi.

Tatizo ni kwamba mabizimu yale ya jeshi hayakuwa na ulimi. Turubai nene hujibana lenyewe. Ukilipitisha kwenye vijiti vya fremu na kulivuta, unene wake na mbavu za uzi wake vinalizuia lisirudi nyuma. Ngozi haina tabia hiyo. Ngozi inateleza, na ikilowa inateleza na kurefuka pia, kwa hiyo inataka ulimi upite kwenye tundu na kuishika. Basi Babu akawa anatengeneza ndimi.

Nilianza kumsaidia 1982, nikiwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika koleo. Yeye alichukua fimbo ya brasi, zile nyembamba ambazo mafundi wa gesi huungia fremu za baiskeli, akakata kipande cha urefu wa kidole gumba. Akakichoma kwenye mkaa mpaka kikawa na wekundu wa kufifia, akakitumbukiza kwenye maji. Nilidhani anakikaza. La, brasi ukiichoma hivyo inalegea, inakubali kupindwa. Alipiga ncha moja ikawa bapa, akaizungusha kwenye kijiti cha fremu, akaacha nafasi nyembamba kama ukucha ili ulimi upande na kushuka bila kukwama. Kisha akageukia ncha ya pili na tupa. Hapo ndipo alipokuwa mgumu. Ulimi ukizidi fremu utachana shati la mtu; ukipungua utazama ndani na siku moja utapitiliza. Alikwangua kibonde kidogo chini yake ili ulale juu ya fremu bila kucheza, na alipomaliza alifuta tupa yake ubavuni mwa ulimi, mara tatu, fya fya fya, upande wa kushoto. Mikwaruzo ile mitatu ilibaki. Nilimwuliza kama ndiyo alama yake. Akasema hapana, ni kufuta tupa tu.

Siku moja nilimwuliza kwa nini tusitumie msumari, ambao ni bure. Hakunijibu. Alinipa msumari na kipande cha ngozi, akaniambia nikiloweshe, niuweke msumari juu yake, nirudi kesho. Kesho yake ngozi ilikuwa na mstari mweusi, mweusi wa wino, umeingia ndani, na hakuna sabuni iliyoutoa. Ngozi tuliyotumia ilikuwa imetengenezwa kwa magome ya miwati, miti ile inayopandwa Lushoto na Njombe, na maji ya miwati yakikutana na chuma hayaachi kuwa meusi. Babu mwenyewe aliitumia siri hiyo kwa faida: alikuwa na chupa ya misumari iliyolowekwa kwenye siki, na akitaka ngozi nyeusi aliipaka hiyo, bila kununua rangi. Lakini bizimu la chuma kwenye mkanda wa rangi ya kahawia, akasema, ni kumfungia mteja ugonjwa.

Mteja akija, Babu hakuanza na bei wala rangi. Aliuliza, "Nani atakifungua?" Mtu anataka mkanda wa kengele ya ng'ombe, anaulizwa nani atakifungua. Wengi waliona ni maswali ya uzee. Lakini kama anayefungua ni mtoto wa miaka minane, anayechunga baada ya shule, alitafuta fremu pana na ulimi mwepesi. Kama ni bibi mwenye vidole vilivyokakamaa, hakutaka kile kitanzi kifupi cha ngozi kinachobana ncha ya mkanda, alikifanya kilegevu. Dereva wa lori aliyekuwa akiondoka alfajiri kwenda Dar alipewa bizimu lenye kijigurudumu, lile bomba jembamba linalozunguka kwenye fremu, ili mkanda uteleze ukivutwa kwa mkono mmoja na ngozi isilike pale pale kila siku. Kwa mbwa alikuwa na lake. Pete ya kufungia kamba hakuishona mbali kwenye mkanda kama wengine. Aliiweka kwenye pindo lile lile lililoshika bizimu, mshono mbele na mshono nyuma, ili mbwa akivuta nguvu yote iishie kwenye ngozi iliyokunjwa mara mbili. Na pete yenyewe aliizungusha mkononi akitafuta pale ncha zilipokutana. Kama hazikuunganishwa kwa moto aliitupa, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Nayasema haya kwa ufasaha leo. Wakati ule yalinichosha. Kopo lilikuwa na mabizimu ya kila namna, makubwa, madogo, yaliyopinda, na kupata mawili yanayofanana kwa ajili ya jozi ya sandali ilikuwa shughuli ya asubuhi nzima. Nilikuwa namwaga kopo kwenye gunia, napekua, narudisha. Sauti ile ya brasi kwenye bati niliichukia.

Kisha ikaja enzi ya rais tuliyemwita Mzee Ruksa, bidhaa zikafunguka, na kufika katikati ya miaka ya tisini macho ya Babu yalikuwa yameingia mtoto wa jicho na mimi ndiye niliyekuwa fundi. Yeye alikaa kijijini, Kibosho; mimi nilibaki mjini na banda. Mwaka 1996 nilikwenda Kariakoo kwa mara ya kwanza kununua vifaa kwa jumla. Kwenye duka moja niliona boksi. Ndani yake mabizimu, kila moja limefungwa kwenye kijikaratasi chake cha nailoni, yote ya dhahabu, yote yana ulimi tayari, yote upana mmoja. Nilichukua moja, nikachukua la pili, nikayaweka mgongo kwa mgongo. Sawa sawa. Sitasahau raha ile. Miaka kumi na minne nilikuwa natafuta mawili yanayofanana, na hapa kuna mia tano.

Niliporudi Moshi nilimwita kijana wa skrepa. Alileta mizani ya ndoano, akalipima kopo na vilivyomo, akatoa uzito wa kopo. Kilo sita na robo. Alinipa shilingi mia tano kwa kilo, na pesa yote niliyopata haikufika hata nauli ya basi ya kurudi Dar. Akataka na kopo. Nikakataa, nikamwambia kopo ni la Babu. Tazama nilichokionea uchungu!

Mikanda yangu mipya iling'aa. Wateja waliisifia. Bei ilishuka, kazi ikaongezeka, na kwa mwaka mzima nilijiona nimemzidi mzee.

Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua za El Niño. Barabara zilikatika, kuta zilianguka, nguo hazikukauka wiki mbili. Kwenye banda niliona mabizimu yaliyobaki yameanza kutoka unga mweupe pembeni, kama chumvi, na ile dhahabu inabanduka kwa vijiganda. Nikayafuta kwa kitambaa chenye mafuta, nikaendelea kushona. Hilo ndilo ninalojilaumu zaidi ya skrepa. Skrepa nilikuwa sijui. Unga ule niliuona.

Mama mmoja mjane alikuwa na mbwa mkubwa, mwekundu, mpole kwa watoto na mkali usiku. Nilimshonea mkanda wa shingo, ngozi safi, mishono miwili. Jioni moja alikuwa amemshika kamba nje ya geti, kuku akakatiza, mbwa akaruka mara moja tu. Mkanda ulibaki mkononi mwa mama na kamba yake. Mbwa akaingia barabarani.

Alikuja bandani kesho yake asubuhi. Nilimwamkia, akaitika. Hakuwa amekuja kudai fedha. Aliweka mkanda mezani, akasema, "Fundi, nataka tu unionyeshe ni wapi." Nikamwonyesha. Ngozi haikuwa na kosa, uzi haukuwa na kosa. Fremu ya bizimu ilikuwa imekatika kwenye kona, na pale ilipokatika haikuwa ya dhahabu wala ya njano. Ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe kama chumvi ya mawe, na dhahabu juu yake ilikuwa nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Aliitazama sana. Akaniambia, "Kumbe ndani ilikuwa hivi," akachukua mkanda wake akaondoka. Kile kipande kidogo kilichobaki mezani nilikifunga kwenye leso.

Jumapili nilikipeleka Kibosho. Babu alikuwa kwenye kiti chake chini ya mgomba, na baada ya shikamoo nilimwekea kiganjani bila kumweleza. Alikipima uzito. Akakigonga kwenye jino. Akakisugua kwa kidole pale palipokatika.

"Hiki siyo chuma," akasema. "Hiki ni biskuti."

Nikamweleza habari ya mbwa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mjukuu wangu, siku nyingine kwa mbwa mkubwa chukua yale ya inchi mbili, yako chini kabisa ya kopo. Niletee moja nikuonyeshe lilivyo."

Sikumjibu. Kimya kilikuwa kirefu hata kwa kipofu. Babu akanyoosha mkono akitafuta kikombe, akasema chai inapoa. Alifariki mwaka uliofuata na hatukulizungumza tena.

Tangu hapo nimejifunza kile ambacho vidole vyake vilikijua. Biskuti ile ni zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi ya dhahabu. Kwa mkoba wa harusini haina neno. Kwa kitu kinachovutwa ghafla ni hatari, maana brasi ikizidiwa hupinda kwanza na kukuonya, lakini zinki ya namna ile hukatika bila kuaga. Wafanyabiashara wengine watakupa sumaku uhakikishe: ona, haishiki, ni brasi. Usidanganyike, sumaku haishiki zinki vilevile. Chukua tupa ukwangue mgongoni, mahali pasipoonekana. Brasi ni njano mpaka ndani. Kama muuzaji anakataa usikwangue, amekwishakujibu.

Siku hizi kazi yangu kubwa siyo mbwa. Ni mlima. Wageni wanaopanda Kilimanjaro wakishuka huwaachia wagumu, wapagazi wetu, mabegi na makoti, na vingine huishia soko la Memorial, vinauzwa, vinapanda tena mlima mgongoni mwa mtu mwingine. Begi zuri linapanda mara nyingi kuliko kiongozi. Kinachokufa kwanza ni klipu, ile ya plastiki yenye mikono miwili unayoibana kwa vidole ikaruka. Vumbi la mlima ni la majivu ya volkano, linaingia kwenye kinywa cha klipu na kukaa; mkono mmoja unachoka, unapinda, unakatika. Na klipu ina ubaya ambao bizimu halina: ikifa nusu imekufa yote. Jike la kampuni hii halilikubali dume la kampuni ile, hata upana ukiwa mmoja. Ndiyo maana kopo la Kimbo limejaa nusu. Msaidizi wangu, binti wa dada yangu, analiita kopo la wajane. Kila nusu iliyobaki nzima tunaitupia humo, na mara moja moja anakuja mtu na nusu yake mkononi, tunamwaga kopo kwenye gunia, tunapekua.

Plastiki nazo zina brasi na biskuti zake. Geuza klipu, soma mgongoni. Nyingi nzuri zimeandikwa kwa herufi ndogo kabisa, POM au PA. POM ni ngumu, ina mruko, hailewi maji. Ukiibana inatoa sauti kavu. PA ni nailoni, inavumilia kugongwa, lakini hunywa maji na kulegea kidogo ikilowa. Zisizoandikwa chochote nazichomea kipande cha pembeni, nje, upepo ukiwa nyuma yangu. Ikitoa moto wa buluu usioonekana vizuri na harufu inayouma macho kama ya mochwari, ni POM, usiikaribie pua. Binti anasema mimi ni mchawi wa plastiki. Anachofanya yeye ni kupiga picha na kumtumia mtu Kariakoo, na mara nyingi anapata. Mara nyingine tunaletewa klipu ya milimita 25 iliyopimwa kwa nje, wakati mkanda hupita ndani, na ndani ni 20. Hapo ninakuwa fundi mkuu kwa dakika tano.

Na mkanda nao uangaliwe. Watu hunipa mikanda ya usalama ya magari mabovu wakidhani uimara wake unatosha. Ni imara kweli, upana wake unakaribia milimita 50, klipu kubwa inaupokea. Lakini ni mwembamba na unateleza, na kwenye zile ngazi za plastiki za kufupishia utarudi taratibu mpaka mzigo ukukae matakoni. Turubai la Babu la 1942 lisingefanya hivyo.

Niseme na hili, maana ningelificha ningekuwa naandika ngano. Miaka kama mitano iliyopita kiongozi mmoja aliniletea begi la mteja wake, klipu ya kifuani imekatika, safari kesho. Nilikuwa na klipu mpya ndogo, nyeusi, nzuri ajabu, ya milimita 20. Ilikaa pale kama imezaliwa pale. Nilifurahi, nikampa. Wiki moja baadaye akarudi na nusu. Walifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, usiku wa kuelekea kileleni, mgeni kavaa glavu mbili mbili, anataka kuvua begi achukue koti. Vidole vyake havikuipata ile klipu. Mgumu wake alijaribu, naye kaganda, mwishowe akaing'ata. Waliivunja kwa meno, gizani, na upepo ule. Kiongozi alikuwa akinisimulia akicheka. Mimi nilikuwa nimesimama na begi mkononi. Miaka yote hiyo, na mbwa wa watu amekwishakufa, na bado nilikuwa nimechagua kwa jicho. Sikuuliza nani atakifungua.

Mabizimu ya brasi kamili bado yapo. Kina mama wanaoshona mikanda ya mbwa ya shanga, ile inayouzwa Arusha kwa watalii, huniletea ngozi niwafungie, na watalii siku hizi wamekuwa wajanja, wanauliza kama ni brasi kweli. Kwa hiyo naagiza ya India, mizito, safi, imesuguliwa, na ulimi wake unalala vizuri. Bei yake kwa moja sasa inapita ile niliyolipwa kwa kopo zima, ingawa shilingi ya leo siyo ya wakati ule, najua. Nikiyashika hayana kosa. Siyapendi tu. Hayana mikwaruzo.

Mwezi uliopita alikuja kijana mgumu, ana pochi ya kiunoni imekatika klipu. Tulimwaga kopo la wajane, binti akapata dume linalofaa. Tak. Wakati ananisubiri nimalize mshono, alitoa mfukoni ukanda wa ngozi uliokauka kama ganda la ndizi, akauliza kama ngozi ile naweza kuifanyia chochote. Ulikuwa wa kifuko cha redio ya marehemu bibi yake, National, kifuko kimeliwa na panya. "Na hiki chuma," akasema, "kama kitakufaa chukua tu, mama. Kinanijazia mfuko."

Bizimu la inchi moja. Limepauka rangi ya tope. Nililigeuza. Ubavuni mwa ulimi, kushoto, mikwaruzo mitatu.

Ningeweza kusema asante, nikalitia kwenye mfuko wa aproni. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kufunga. Binti alikuwa ananitazama, basi nikamweleza yule kijana: jeshi, Bama, gunia, fimbo ya brasi, mkaa, tupa. Nilieleza kwa urefu kuliko nilivyokusudia. Alisikiliza, akalichukua kutoka kiganjani mwangu, akalisugua kwenye suruali mpaka njano ikachungulia, akalitazama upya kabisa. Halafu akalirudisha mfukoni.

"Sasa mama," akauliza, "kitu kama hiki mtu anakiuza kwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia bei niliyouzia mimi, kwa kilo. Akacheka, akadhani namtania.